Nani Anarudi Ulaya?

Kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, ambaye siku hizi anauza vipuri vya pikipiki hapa mjini Songea na kutunga mashairi usiku, aliniletea tarbia ya beti saba ili niipitie. Alikuwa amemtungia bruda mmoja mzee wa Peramiho, Mjerumani, fundi seremala, aliyekuwa akijiandaa kwenda kuwaona ndugu zake baada ya miaka tisa bila kuwatia machoni. Shairi lilikuwa zuri. Vina vilitulia, mizani 16 haikuyumba hata katika mshororo mmoja, na kibwagizo kilikuwa na sauti ya mtu anayeaga kweli. Lakini katika ubeti wa kwanza alisema kwamba bruda "anarudi kwao". Nikachukua kalamu nyekundu, kwa mazoea ya miaka mingi ya kusahihisha, nikalikata neno "anarudi" na kuandika juu yake "anakwenda".

Mizani haikupinga. A-na-ru-di ni silabi nne. A-na-kwe-nda ni silabi nne. Neno lilikaa katikati ya kipande, hivyo hata kina hakikuguswa. Kijana aliniuliza jambo moja tu: "Kwani Mwalimu, Ulaya si kwao?" Nikamjibu, kwa ukali kidogo nadhani, kwamba mtu aliyeishi Ungoni miaka 43, ambaye hata mahali pa kuzikwa pake panajulikana kuwa ni pale pale kwenye makaburi ya watawa wenzake, hawezi kurudi Ulaya. Anakwenda Ulaya. Akirudi, atarudi Peramiho.

Nilijiona nimefundisha jambo kubwa. Makala haya nayaandika kwa sababu baadaye nilitambua kwamba nilikosea, ingawa si pale alipodhani kijana.

Tuanze na kitenzi chenyewe. *Kurudi* tumekipokea kutoka Kiarabu, nacho kimekaa kwetu muda mrefu kiasi cha kuota mizizi yake. Mtu hurudi alikotoka. Mzazi humrudi mwanawe, yaani humwadibu. Na nguo mpya ya pamba ikifuliwa kwa mara ya kwanza hurudi, yaani hunywea, ikawa fupi mikononi na kubana kifuani. Maana zote tatu zimo katika kamusi zetu. Wanafunzi wangu walizoea kuziona kuwa ni maneno matatu yaliyogongana kwa sauti tu, kama *kaa* la moto na *kaa* wa pwani. Mimi sikubaliani nao. Msikilize mtu yeyote aliyekaa mbali miaka mingi akisimulia siku zake za kwanza kwao, utazisikia maana hizo tatu zikifuatana: amefika, ameadibiwa, na kitu alichokiacha kimemnywelea.

Bruda alirejea wiki tatu kabla ya likizo yake kuisha. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya karakana, vumbi la mninga kwenye nyusi, kana kwamba hakuwahi kuondoka. Nilikwenda kwa kisingizio cha kumpelekea shairi, kumbe nilitaka kujua kwa nini amewahi.

Aliniambia habari za lugha kwanza, maana anajua udhaifu wangu. Dukani, kijana wa kupokea fedha alimjibu kwa Kiingereza. Bruda alikuwa amezungumza Kijerumani, Kijerumani cha mama yake, lakini kilikuwa cha miaka ya sabini na cha kijiji ambacho lafudhi yake imekwisha kufa, na yule kijana akamdhania mgeni. Alirudia sentensi yake polepole, akajibiwa tena kwa Kiingereza, kwa adabu kubwa. Siku nyingine alisimama mlangoni kwa mpwa wake na kabla hajabonyeza kengele akajisikia akisema "hodi". Hakuna aliyemsikia. Huko mtu hafiki nyumbani kwa mtu bila kupatana siku na saa, hata akiwa mjomba aliyetoka Afrika. Hakulalamika, alieleza tu kama fundi anayeeleza jinsi mbao za nchi fulani zinavyopinda.

Dada yake yumo katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakumtambua kaka yake kwa sura, bali alipomwimbia wimbo wa Noeli wa utotoni mwao aliuitikia hadi ubeti wa mwisho, kisha akamwuliza yeye ni padri wa parokia gani.

Halafu akanieleza habari ya makaburi. Wasomaji wengi wa hapa nchini hawalijui jambo hili, nami sikulijua. Ujerumani, kwa kawaida kaburi halimilikiwi daima. Familia hulikodi kwa muda, aghalabu miaka 20 au 30 kulingana na kanuni za mahali, na muda ukiisha bila mtu kulipia nyongeza, jiwe huondolewa na kipande kile cha ardhi huweza kupewa mfu mwingine. Barua ya kukumbusha ilikwenda kwa dada, na dada wakati huo hakuwa tena mtu wa kufungua barua. Bruda alikwenda na mshumaa wake hadi mahali walipolala baba na mama, akahesabu safu kuanzia kwenye ukuta wa kanisa, akahesabu tena. "Mwalimu," akaniambia, "nilikwenda kuwaamkia wazee, nikakuta nyasi."

Hakusema zaidi. Alichukua lile shairi akalisoma lote, akaweka kidole juu ya neno langu la wino mwekundu, akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani ananiunga mkono.

Hapa sarufi ya Kiswahili ina jambo la kutueleza. Tunapotaja asili ya mtu hatusemi "kwangu", tunasema "kwetu". *Kwangu* ni nyumba niliyoijenga au chumba ninachokilipia kodi. Ninaweza kuwa na kwangu Dar es Salaam, kwangu Mwanza, popote penye ufunguo wangu. *Kwetu* ni mahali penye watu wangu. Mtoto yatima aliyebaki peke yake duniani atasema vilevile "kwetu Mbinga", kwa wingi, kwa sababu lugha haikumpa umoja wa neno hilo. Nikawaza: je, wale wanaoifanya *kwetu* iwe ya wingi wakiisha mmoja baada ya mwingine, hata jiwe lenye majina yao likiondolewa, mtu anabaki na kwetu gani? Nikajihakikishia kwamba kalamu yangu nyekundu ilikuwa na haki. Bruda hakurudi Ulaya, alikwenda kuaga.

Basi nikawa naihadithia habari hii kila mahali, pamoja na sahihisho langu. Niliihadithia hata mbele ya binti wa mdogo wangu, muuguzi, ambaye amefanya kazi kaskazini mwa Ujerumani miaka 12 na alikuwa amekuja Songea na watoto wake wawili kwa Krismasi. Alisikiliza, akacheka, akasema ni kweli kabisa. Siku nne baadaye tulikaa mezani kumuaga, nami kama mkubwa wa nyumba nikasimama kutoa neno. Nikasema, "Mwanetu anarudi Ulaya kesho, tumwombee safari njema."

Aliacha watu waitikie "Amina" ndipo akasema, kwa sauti ya chini ya mtoto anayemsemesha mkubwa: "Baba mkubwa, bruda anakwenda Ulaya, na mimi narudi?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sijivunii kimya changu kile. Mzungu wa miaka 43 nilimpigania asinyang'anywe Songea, na mwana wa nyumba yangu, ambaye kitovu chake kilizikwa nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumekalia, nilimkabidhi Ulaya kwa kitenzi kimoja, tena mbele ya wali. Wala sikuwa peke yangu. Zisikilize salamu zetu. Mtu akitua kutoka nje tunasema "amekuja", kama mgeni. Akiondoka tunasema "amerudi". Tunampokea kwa neno la mgeni na kumwaga kwa neno la mwenyeji. Washairi wetu nao wamezidisha: ni mashairi mangapi tumesoma ya kuwalaumu walioko nje, kwamba wamesahau kwao, wamelewa theluji, wamewatupa wazee? Nilipokuwa mwalimu nami niliyatolea alama nzuri. Sasa najiuliza nani alianza kumsahau mwenzake.

Nilimwuliza yeye angesemaje. Akafikiri. "Kazini narudi," akasema. "Songea narudi nyumbani. Ulaya nakwenda." Hapo mwanawe wa miaka minane, aliyekuwa akisikiliza kwa Kiswahili chake cha kwenye simu, akadakia kwamba yeye anarudi, maana baiskeli yake iko kule. Mama na mwana walikuwa na tiketi za ndege moja, viti vya kufuatana, na mmoja alikuwa anakwenda na mwingine anarudi. Na wote wawili walisema Kiswahili sahihi.

Ndipo nilipolitambua kosa langu kwa kijana wa tarbia. Sikukosea kwa kuchagua "anakwenda" badala ya "anarudi". Nilikosea kwa kuchagua. Kitenzi cha safari ni mali ya msafiri. Mshairi anayemtungia mtu shairi la kumuaga hana budi kumwuliza kwanza, kama vile fundi cherehani anavyompima mtu kabla ya kukata kitambaa. Nilirudi Peramiho kumwuliza bruda swali ambalo nilipaswa kumwuliza mwanzo. Alinijibu kwamba alipopanda ndege alikuwa anarudi kwao kabisa, moyo ukimdunda kama mvulana, na ni kule makaburini ndipo safari ilipogeuka kuwa ya kwenda. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi siku alipoandika. Ule mtikiso wa kichwa haukuwa wa kuniunga mkono.

Nina tatizo na majina ya huko pia. *Ulaya* ni neno la Kiarabu lenye maana ya mamlaka au jimbo, ndilo lililowapa Wahindi *vilayat*, jina walilowaita kwalo nchi ya watawala wao, na ndilo lililotupa sisi *wilaya*. Maana yake ni kwamba Wilaya ya Songea na bara la Ulaya ni ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo lilikuwa likiwafurahisha sana wanafunzi wangu na kuwakasirisha maofisa wa elimu. Vijana wa mijini husema *majuu*, na sitalijadili. Lakini neno la kifasihi, linalopendwa na watunzi, ni *ughaibuni*. Ghaibu ni kutokuwepo, kufichika machoni. Mtu akisoma kitu kwa ghaibu, anakisoma kwa moyo, bila kitabu mbele yake. Najiuliza kama neno zito namna hii linamfaa muuguzi anayetuma sauti yake kwenye simu ya mama yake kila jioni akiuliza kama mbuzi amezaa. Huyo hayuko ghaibu hata kidogo. Tunajua amekula nini.

Sisi watu wa Songea tunaye mtu mmoja tu aliye ughaibuni kweli.

Kila basi linalotoka Dar es Salaam likiwa na neno SONGEA kwenye kioo cha mbele linamtaja, kwa kilomita zaidi ya 900. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, yeye na viongozi wenzake wa Wangoni kwa makumi, katika vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 na kuua watu wengi zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi. Kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka, pale penye makumbusho na kaburi la pamoja. Kwa mapokeo ya ukoo wake, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Hakijapatikana. Siandiki haya kana kwamba damu ilimwagika upande mmoja tu: Askofu Cassian Spiss, aliyeianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa Agosti 1905 akiwa njiani kutoka Kilwa, yeye na watawa aliofuatana nao, na misheni yenyewe ikachomwa moto. Lakini nyumba za misheni zilijengwa upya, na hakuna anayedai kwamba kichwa cha askofu kimewekwa kabatini katika nchi ya mbali kikiwa na namba.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea. Magazeti yaliandika "ziara ya Rais", kama yanavyoandika kila kiongozi akikagua mradi wa maji. Safari hii neno lilikuwa sawa kuliko walivyojua waandishi. *Ziara* na *kuzuru* ni maneno ya makaburini tangu zamani. Mtu huzuru kaburi la mzee au la mtu mwema. Alifika pale mahali, akakutana na wajukuu, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wetu, akaahidi kwamba kichwa kitatafutwa, na akasema kwa uwazi kwamba hawezi kuahidi kitapatikana. Lolote mtu atakalolisema juu ya siasa za jambo hili, ile ilikuwa ziara.

Na kulikuwa na ziara ya upande wa pili. Watu wa ukoo wa Mbano walisafiri hadi Berlin. Filamu ya *Das leere Grab*, iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner pamoja na Mtanzania mwenzetu Cece Mlay na kuoneshwa katika tamasha la Berlinale mwaka 2024, inaifuata familia hiyo ya Songea pamoja na familia ya Kaaya kutoka Meru. Jina la filamu lina maana ya kaburi tupu. Nimewasikia watu wakisema kwamba wale walikwenda Ulaya "kufuatilia mabaki". Naomba niseme kinyume, tena kwa nguvu zote alizonazo mwalimu aliyestaafu: walikwenda kumtembelea ndugu yao. Babu yupo Ulaya zaidi ya miaka 100, hajulikani amelazwa chumba gani, na watoto wake wamekwenda kumwulizia. Hiyo ndiyo safari ya kwenda kuwaona jamaa baada ya miaka mingi, iliyo ya kale kuliko zote zilizowahi kutoka mkoani hapa.

Neno *mabaki* linanichoma. Mabaki ni kitu kilichobaki baada ya kingine kwisha: mabaki ya chakula, mabaki ya ujenzi, mabaki ya kitambaa kwa fundi. Na neno *kurejeshwa*, ambalo limeenea sana katika taarifa za jambo hili, linavuta njia moja. Vitabu hurejeshwa maktaba. Fedha iliyozidi hurejeshwa hazina. Kauli ya kutendwa humfanya mtu awe mzigo na kumwachia aliyemchukua kazi yote ya sentensi.

Kiswahili kinatupa uchaguzi ambao lugha nyingi za wakubwa hazina, kwa sababu ya ngeli. *Fuvu* liko katika ngeli ya jicho na gari: fuvu limepatikana, fuvu limepimwa. *Marehemu* yumo katika ngeli ya watu: marehemu amepatikana. *Mfu* naye, kwa mujibu wa sarufi, ni mtu kama mimi na wewe; anakuwa, anapata, anarudi. Wazee waliounda lugha hii hawakumtoa mtu katika ngeli ya watu kwa sababu ya kufa. Sisi ndio tunaomtoa, katika taarifa zetu za habari, kwa herufi mbili za mwanzo wa kitenzi, *li-* badala ya *a-*.

Rafiki yangu mmoja, naye mwalimu mstaafu lakini wa baiolojia, alinipinga. Alisema mtaalamu anapokuwa na mifupa mbele yake hana haki ya kusema "amepatikana" kabla hajajua ni nani. Ana hoja. Makumbusho za Berlin pekee zimefanyia utafiti mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na mtu mwadilifu hawezi kuyaita yote kwa majina ya watu anaowatafuta. Katika daftari la mtafiti, *fuvu li-* na libaki. Lakini mwaka huo huo wa 2023 watafiti hao walitangaza kwamba vinasaba vimeyaunganisha mafuvu machache ya kaskazini mwa Tanzania na jamaa zao walio hai. Siku majibu yale yalipotoka, ngeli ilipaswa kubadilika mchana huo huo. Nasikitika kwamba katika habari nilizozisoma haikubadilika. Waliendelea kuandika "mafuvu yao", kana kwamba wajukuu wamepata mali.

Tunao mfano wa zamani. Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza vita vya dunia nzima, ulitenga nafasi katika kifungu chake cha 246 kwa ajili ya kichwa hicho. Kilikuja kutolewa mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipokikabidhi Kalenga, na hadi leo kimo humo ndani ya kioo. Wapo wanaotilia shaka kama kweli ni chenyewe. Nilipokwenda Kalenga na wanafunzi, miaka mingi iliyopita, mmoja wao aliuliza fuvu hili lilirudi mwaka gani, na mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu nasi akamsahihisha kabla yangu: "Alirudi." Nilidhani mzee amekosea upatanisho wa kisarufi. Nilikuwa na cheti cha chuo cha ualimu mfukoni na niliona aibu kwa niaba yake.

Kijana wa vipuri vya pikipiki sasa anatunga shairi jingine, la siku ile ambayo bado haijafika. Safari hii alikwenda kwanza kwa watu wa ukoo kuwauliza wangependa aseme nini, na mimi sikumwambia afanye hivyo. Katika rasimu ya awali, ukwapi wa mshororo wa kwanza ulikuwa "Fuvu lake larejeshwa". Aliporudi kutoka kwao aliukata mwenyewe, kwa wino wake, akaandika "Nduna wetu anarudi". Mizani ni nane kwa nane, haikupotea hata moja. Taabu ni kina. Cha kati kimetoka *shwa* na kuwa *di*, na kwa kuwa kibwagizo kina vina vyake, zinahitajika kwapi mbili nyingine katika ubeti ule zenye kina cha *di*. Moja ameipata: "Kaburi lina ahadi". Kwa ya pili nilimpendekezea kitu chenye neno "baridi", akakataa, akisema kila shairi la Ulaya lina baridi. Bado anatafuta.